Rejista ya Kompyuta Haisafishwi

"Papa, ni programu gani inasafisha rejista vizuri, mashine iende mbio?" Mwezi huu nimeulizwa hivyo mara tatu. Wa mwisho ni mama mwenye kibanda cha fotokopi Kiringye, aliyeteremka hadi Uvira na kompyuta yake imefungwa kwenye kitenge. Alikuwa ameshaisafisha. Sasa alama ya Windows inatokea, kioo kinageuka bluu, mashine inajizima na kuanza upya, haifiki mbali zaidi ya hapo.

Programu nzuri ya kusafisha rejista haipo. Rejista ni daftari ambamo Windows huandika mipangilio yake yote: printa gani imefungwa, programu gani iendeshe diski, nani anaingia kwa neno gani la siri. Maandishi yake ni maelfu kwa maelfu, lakini Windows hailisomi lote kila unapobofya kitu. Inafungua palepale inapopahitaji. Kwa hiyo msafishaji akijisifu kwamba amefuta "makosa 700", amefuta mistari ambayo haikuwa ikimchelewesha mtu. Kasi haikuongezeka hata kidogo. Hatari ni kwamba anakisia: akikuta mpangilio unaotaja faili asiloliona, labda liko kwenye diski uliyoichomoa jana, anauita takataka. Siku anapokosea, anafuta mstari ambao Windows inauhitaji ili iwake. Microsoft yenyewe imeandika wazi kwamba haiungi mkono programu hizi. Mashine nzito ina diski inayokufa, kumbukumbu ndogo, virusi vya flashi, au vumbi la bonde la Ruzizi kwenye feni. Huko ndiko pa kutazama.

Yule mama alikuwa ameambiwa pia kuwa nakala ya rejista iko tayari kwenye folda ya RegBack. Tuliifungua pamoja: SYSTEM, SOFTWARE, SAM, SECURITY, DEFAULT, yote yapo, na kila faili lina ukubwa wa 0. Tangu toleo 1803 la Windows 10, mwaka 2018, Windows haiijazi tena folda hiyo isipoamriwa. Fundi anayechukua mafaili hayo matupu na kuyaweka juu ya yale ya kweli anaizika mashine, na bado wapo wanaofanya hivyo!

Basi jitengenezee nakala yako hivi. Tafuta "Créer un point de restauration", washa ulinzi wa diski C kwa sababu mara nyingi umezimwa, bonyeza Créer, andika tarehe. Ukitaka kugusa tawi moja tu la rejista, lichague ndani ya programu ya regedit, kisha Fichier, Exporter. Faili hilo ukilirudisha linaandika upya yaliyokuwemo. Mapya uliyoongeza haliyafuti, na Windows ikigoma kuwaka halikusaidii kirahisi. Hapo utaingilia ukurasa wa ukarabati na kurudi kwenye ile tarehe. Lakini nukta hiyo ya kurejesha inakaa kwenye diski ileile, ikifa vinakufa vyote, kwa hiyo toa pia "image système", yaani nakala ya mfumo mzima, kwenye diski ya nje, betri ikiwa imejaa, maana kuranti yetu mnaijua. Diski hiyo usiiache kibandani kando ya mashine. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika hapa Uvira, maji yaliingia hadi ndani ya nyumba.