Kabla ya Mfupa, Mfunue Mbwa Mdomo

Mbwa wa kilo tatu ana meno 42, idadi ileile aliyo nayo mbwa wa kilo hamsini. Watu walipokuwa wakizalisha mbwa wadogo, kisha wadogo zaidi, taya lilisinyaa, lakini meno hayakupungua hata moja. Ndiyo maana ukimfunua mdomo Yorkshire terrier, Maltese au Chihuahua unakuta meno yamebanana, mengine yamekaa upande, na mabaki ya chakula yamekwama kwenye nafasi ambazo ulimi haufiki. Kwa mbwa wa umbo hili, mizizi ya gego kubwa la chini hushuka hadi karibu na ukingo wa taya. Ugonjwa ukila mfupa unaoshikilia gego hilo, taya lenyewe linaweza kuvunjika kwa jambo dogo tu, kama kuruka kutoka kwenye kochi.

Mwenye mbwa wa aina hii anapouliza habari za mifupa mibichi, swali lake ni la haki kabisa. Mbwa ananusa sahani na kugeuza uso. Mdomo unanuka. Mswaki hautaki hata kuuona, na kusafishwa meno kwa daktari wa mifugo kunahitaji nusukaputi, jambo lenye gharama na linalotia hofu. Kisha anatokea mtu anayesema: mpe mfupa mbichi, atasafika mwenyewe kama babu zake porini.

Hoja hii ilipata nguvu nchini Australia. Mwaka 1993 daktari wa mifugo Ian Billinghurst alichapisha kitabu chake Give Your Dog a Bone, na mwaka 2001 daktari mwenzake Tom Lonsdale akatoa Raw Meaty Bones. Wote wawili walishikilia kwamba mbwa ni mzawa wa mbwamwitu wa kaskazini, kwamba taya lake limeumbwa kwa kazi ya kutafuna, na kwamba chakula laini cha viwandani kinamharibia meno. Si hoja ya kupuuzwa, kwani sehemu yake imethibitishwa.

Mwaka 2016 watafiti wa Brazil walichapisha jaribio dogo la mbwa wanane wa aina ya Beagle waliokuwa na ugaga menoni. Baadhi walipewa vipande vya sehemu ngumu ya katikati ya mfupa mrefu wa ng'ombe, wengine wakapewa ncha zake, pale kwenye kiungo, ambapo mfupa ni laini na umejaa vitundu. Vyote vilikuwa vibichi. Mwishoni mwa jaribio, mbwa waliotafuna mfupa mgumu walikuwa wamepoteza zaidi ya theluthi moja ya ugaga. Waliotafuna ncha walipoteza karibu asilimia 88.

Tofauti hiyo inaeleweka ukimtazama mbwa akitafuna. Hushika mfupa kwa miguu ya mbele, huinamisha kichwa upande, na kuusukuma nyuma hadi kwenye magego, yale meno makubwa ya ubavuni yanayokata kwa kupishana kama mkasi. Mfupa ukiwa mgumu, ncha ya jino peke yake ndiyo inayougusa. Ukiwa wa vitundu, jino linazama, na kuta za kitundu zinasugua ubavu wa jino kuanzia juu hadi karibu na ufizi. Huko ubavuni ndiko ugaga unakokaa.

Basi mfupa unasafisha. Ila hapo ndipo inapobidi kuuliza unasafisha nini.

Kinachoanza kwenye jino ni ukoga, utando mwororo wa bakteria unaojijenga upya ndani ya saa chache baada ya jino kusafishwa. Mate ya mbwa yana ukali mdogo kuliko ya binadamu, kwa hiyo meno yake ni nadra kutoboka, lakini mate hayohayo huugandisha ukoga upesi. Madini yaliyomo huungana nao, na katika siku chache tu unageuka ugaga, lile gamba la njano au kahawia. Macho yetu huishia kwenye ugaga kwa sababu ndio unaoonekana. Kinachomuumiza mbwa, hata hivyo, ni ukoga ulioteremka chini ya ufizi. Mwili unapopigana na bakteria walioko huko, vita yenyewe ndiyo inayobomoa nyuzi na mfupa unaoshikilia jino. Meno yanaweza kuwa meupe pe huku mizizi imelegea, mithili ya nyumba iliyopakwa rangi jana wakati mchwa wako kwenye nguzo.

Ushahidi wa hilo tunao hapa barani kwetu. Mwaka 1999 ulichapishwa uchunguzi wa mafuvu 29 ya mbwa mwitu wa Afrika, wanyama walewale wenye mabaka ambao bado wanaonekana kusini mwa Tanzania katika Ruaha na Hifadhi ya Nyerere. Hawa wanaishi kwa nyama mbichi, ngozi na mifupa ya wanyama wanaowawinda. Asilimia 83 ya mafuvu yalikuwa na meno yaliyolika. Asilimia 48 yalikuwa na meno yaliyovunjika. Na asilimia 41 yalikuwa na dalili za ugonjwa wa fizi uliofika kwenye mfupa.

Paka wa Kisiwa cha Marion, mali ya Afrika Kusini katika bahari ya kusini, wanasimulia jambo hilohilo. Walikuwa paka walioachiwa wakawa wa porini, wakiishi kwa kula ndege wa baharini na mifupa yao. Uchunguzi wa mafuvu yao, uliochapishwa miaka ya 1990, ulikuta ugaga kwa asilimia 9 tu, lakini zaidi ya asilimia 60 walikuwa na ugonjwa wa fizi. Asili iliwapa meno masafi. Fizi zenye afya haikuwapa.

Sasa turudi kwa mbwa mdogo anayechagua chakula, maana kwake jambo hili lina uzito wa pekee.

Kuna mbwa ambaye kweli amedekezwa. Mbwa wa kilo tatu anayeishi ndani anahitaji takriban kalori 200 hadi 250 kwa siku. Chapati moja nene ya mafuta inaweza kuumaliza mgao huo karibu wote, na familia ya watu watano, kila mmoja akimrushia kipande, inamshibisha kabla sahani yake haijawekwa chini. Halafu anagoma kula, watu wanaingiwa na huruma, anapewa kuku. Mbwa hujifunza somo hilo haraka.

Lakini kuna mbwa mwingine anayeitwa mchaguzi kwa makosa. Mbwa mwenye maumivu mdomoni ni nadra kuacha kula kabisa, kwa kuwa njaa humshinda. Anachofanya ni kubadilisha namna ya kula. Anaisogelea sahani kwa hamu, kisha anarudi nyuma. Anameza bila kutafuna, au anatafuna upande mmoja. Anadondosha punje na kuziokota tena. Anapenda wali uliolowekwa mchuzi na anakikataa chakula kikavu alichokila vizuri mwaka jana. Mwenye naye anasema, "Huyu siku hizi anaringa." Kwa maoni yangu hii ni dhuluma ndogo inayotendeka katika nyumba nyingi bila mtu yeyote kukusudia, na mbwa wadogo ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu kwao ugonjwa huanza mapema mno. Yorkshire terrier waliofuatiliwa tangu wakiwa watoto wameonyesha dalili za mwanzo za ugonjwa wa fizi kabla hata ya kutimiza mwaka.

Mbwa wa namna hiyo ukimpa mfupa, mambo mawili yanaweza kutokea. Atauramba na kuuacha, nawe utathibitishiwa kwamba anaringa. Au atauuma kwa jino linalocheza.

Kwa hiyo cha kwanza ni kumfunua mdomo. Si lazima aupanue. Mshike kidevu kwa mkono mmoja, na kwa kidole gumba cha mkono wa pili uinue mdomo wa juu kuelekea nyuma, kwenye jino kubwa kuliko yote ya juu. Karibu na jino hilo unafunguka mfereji wa tezi ya mate, ndiyo maana ugaga hujaa hapo kabla ya pengine popote. Tazama mstari ambapo jino linakutana na ufizi. Ufizi mzima huwa na rangi ya waridi na ukingo mkali. Aina nyingine za mbwa zina weusi wa asili, nao si ugonjwa. Ukiona mstari mwekundu uliovimba, damu, usaha au mzizi uliojitokeza, habari ya mfupa imeishia hapo, na anayefuata ni daktari wa mifugo. Kuna wanaojitolea kukwangua meno ya mbwa akiwa macho. Wanaondoa gamba la juu na kuacha ugonjwa chini, tena mbwa anateseka.

Na mwenye mdomo mzima je? Hata kwake kuna hatari ambazo wapenzi wa mifupa huzipitia juu juu. Enameli ya jino la mbwa ni nyembamba, haifiki milimita moja, na taya lake hupanda na kushuka tu bila kusaga. Akikaza meno kwenye mfupa mzito wa mguu wa ng'ombe, jino likateleza, ubavu wa lile gego kubwa la juu hubanduka, na mara nyingi kiini chake chenye mishipa kinabaki wazi. Madaktari wa meno ya wanyama wana kipimo chepesi: kibonyeze kitu kwa ukucha wa kidole gumba, kisipobonyea ni kigumu mno kwa meno ya mbwa. Mifupa mingi ya buchani inafeli hapo hapo. Ile pete ya mfupa wenye uboho, iliyokatwa kwa msumeno, ina balaa lake: humvaa mbwa kwenye taya la chini nyuma ya meno ya chonge, na kuitoa mara nyingine kunataka nusukaputi. Uboho wenyewe ni mafuta matupu, na mafuta mengi kwa mkupuo yanaweza kumletea mbwa mdogo uvimbe wa kongosho.

Hapo ndipo wengi hukimbilia shingo na mabawa ya kuku, kwa kuwa ni madogo na laini. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne walitoa matokeo kuhusu mbwa waliopooza ghafla, miguu ya nyuma ikianza kulegea, kisha ya mbele, kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Walilinganisha mbwa 27 wagonjwa na 47 wasio wagonjwa. Kula kuku mbichi kulihusishwa waziwazi na ugonjwa huo, na bakteria aina ya kampilobakta walipatikana zaidi katika kinyesi cha wagonjwa. Kuigandisha nyama kwenye friza hakuwaui bakteria kama hao kwa uhakika, na mbwa anayelamba uso wa mtoto mchanga baada ya mlo wake huwagawa.

Kwetu kuna tahadhari nyingine. Anayechukua mabaki machinjioni mara nyingi hupewa mifupa pamoja na mapafu na maini yaliyokataliwa, na humo ndimo hukaa malengelenge ya tegu anayemtumia mbwa kumfikia binadamu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni kati ya maeneo yaliyowahi kurekodi viwango vya juu kabisa duniani vya ugonjwa ambao tegu huyo humletea binadamu. Viungo hivyo visimfikie mbwa vikiwa vibichi.

Mtu asiseme basi nitachemsha. Mfupa mbichi una ustahimilivu kwa sababu ya kolajeni, nyuzi za protini zinazoyashika madini. Moto huziyeyusha nyuzi hizo, na kinachobaki hupasuka vipande vyenye ncha. Mbavu za mbuzi zilizotoka kwenye nyama choma na mifupa ya kuku wa jana ni mibaya kuliko yoyote iliyo mibichi, na koo la mbwa mdogo ni jembamba. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilieleza kwamba ilikuwa imepokea taarifa za mbwa wapatao 90 waliodhurika kwa mifupa iliyokaushwa na kuuzwa dukani. 15 kati yao walikufa.

Msimamo wangu ni kwamba mbwa wa kilo tatu hahitaji mfupa. Aliyeamua kumpa hata hivyo, baada ya mdomo kukaguliwa, atafute ncha laini ya kiungo, mbichi, kubwa kuliko kichwa cha mbwa ili isimezeke, na uboho utolewe. Amkalie karibu. Baada ya robo saa amnyang'anye kwa kubadilishana na kitu kingine, atupe mfupa, aoshe mikono na sakafu.

Kinachofika ukingoni mwa ufizi kila siku ni mswaki, na mchaguzi wa chakula anaweza kufundishwa kuupokea kupitia pua yake. Chemsha kuku bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu, chovya kidole kwenye supu ikiwa vuguvugu, mpe alambe. Akizoea, pitisha kidole chini ya mdomo wa juu, nje ya meno. Kisha zungusha kitambaa safi kwenye kidole. Mswaki laini wa mtoto uje mwisho, wakati mbwa ameshakuwa anakuja mwenyewe akisikia harufu ya supu. Usitumie dawa ya meno ya watu: ina floridi, na baadhi zina zailitoli, kiongeza utamu ambacho kwa mbwa hushusha sukari ya damu kwa haraka ya kuua. Maji matupu yanatosha, kwa kuwa kinachong'oa ukoga ni kusugua. Anza na lile jino kubwa la juu, upande wa nje, kulia na kushoto. Nusu dakika kila upande, kila siku. Ukiruka siku mbili tatu, ukoga umeshaanza kuganda.