Siku 14 sokoni: Kampuni za michezo mikubwa ya video zajikuta njia panda

MNAMO Agosti 23, 2024 kampuni ya Sony ilizindua mchezo mpya wa video ulioitwa Concord. Bei yake ilikuwa dola 40 za Marekani, na studio ya Firewalk iliyouunda ilikuwa imeushughulikia kwa miaka kadhaa.

Septemba 6, mchezo huo ulizimwa. Wateja walirudishiwa pesa zao.

Zilikuwa siku 14 tu. Kwa mkulima wa mahindi, huo ni muda wa mbegu kuchipuka. Hata palizi ya kwanza bado haijafika. Kabla ya mwezi wa Oktoba kuisha, Sony ilitangaza kwamba inaifunga studio yenyewe, na wafanyakazi wake wakabaki kutafuta kazi kwingine.

Katika miji ya Afrika Mashariki, biashara ya michezo hii huonekana zaidi vibandani: runinga, mashine mbili tatu za PlayStation, na vijana wanaolipa kwa kila mechi ya soka. Lakini kabla mchezo haujafika kibandani, huwa umemeza mamilioni ya dola huko Marekani, Canada, Ulaya au Japani. Sasa wenye mitaji hiyo wameanza kujiuliza kama kilimo cha aina hii bado kinalipa.

Mtaji kabla ya mauzo

Kwa miaka mingi kampuni hizi zilificha gharama zake. Siri ilitoka Juni 2023 katika mahakama moja jijini San Francisco, wakati serikali ya Marekani ilipojaribu kuizuia Microsoft kuinunua kampuni ya Activision Blizzard. Hati za Sony zilizowasilishwa hapo zilikuwa zimefutwa tarakimu kwa kalamu nyeusi, lakini wino haukuwa mzito wa kutosha na tarakimu zikasomeka.

Ilibainika kwamba mchezo wa The Last of Us Part II, uliotoka mwaka 2020, uligharimu dola milioni 220. Ule wa Horizon Forbidden West, uliotoka 2022, uligharimu dola milioni 212 na kuchukua miaka mitano.

Fedha hizo hazinunui malighafi wala mitambo mikubwa. Sehemu kubwa ni mishahara ya wachoraji, waandishi wa programu, wanamuziki na waigizaji.

Kwa muda mrefu, kadirio lililozoeleka katika miji ya Marekani lilikuwa dola 10,000 kwa mfanyakazi mmoja kwa mwezi, ukijumlisha mshahara, ofisi na bima. Kikosi cha watu 200 basi hula dola milioni 24 kwa mwaka. Ndani ya miaka mitano hiyo ni dola milioni 120, na bado haijauzwa hata nakala moja. Gharama za matangazo hazimo katika hesabu hiyo.

Upande wa mapato, bei haikukua kwa kasi hiyo. Kwa takriban miaka 15 mchezo mkubwa uliuzwa dola 60. Kuanzia mwaka 2020 bei ikapanda hadi dola 70, na mwaka 2025 Nintendo ikajaribu dola 80 kwa mchezo wa Mario Kart World.

Isitoshe, maduka ya mtandaoni kwa kawaida hukata asilimia 30. Kwa hivyo dola 70 za mteja humfikia mtengenezaji zikiwa 49. Aliyetumia dola milioni 200 lazima auze zaidi ya nakala milioni nne ndipo arudishe mtaji wake tu. Faida huanzia hapo.

Soko lina wanaogawa bure

Hata hivyo, gharama si tatizo pekee. Mchezo mpya hushindana pia na ile ya zamani ambayo haitaki kuondoka sokoni.

Fortnite, uliozinduliwa mwaka 2017, huchezwa bila malipo. Kampuni hujipatia fedha kwa kuuza mavazi ya wahusika na vitu vingine vya urembo. Grand Theft Auto V ulitoka mwaka 2013 na umeuza zaidi ya nakala milioni 200. Kijana aliyezoea kucheza na marafiki zake humo hana sababu ya kuhama haraka.

Concord uliingia sokoni kwa dola 40 wakati michezo ya kufanana nayo ilikuwa ikigawiwa bure. Ni sawa na mchuuzi anayepanga maembe yake kando ya jirani anayeyatoa bila malipo.

Lakini hapo ndipo hesabu inapowatatiza wataalamu. Mwezi Februari mwaka huo huo wa 2024, Sony hiyo hiyo ilitoa mchezo wa Helldivers 2, kwa bei ile ile ya dola 40, ulioundwa na studio ya Arrowhead ya Uswidi. Huo uliuza nakala milioni 12 katika wiki 12.

Mwenye shamba ni mmoja na bei ni moja, lakini msimu mmoja ulileta neema na mwingine ukaleta kiangazi. Hakuna aliyeweza kusema mapema upi ungekuwa upi.

Mavuno mazuri nayo hayakutosha

Wanaolipia kutotabirika huko ni wafanyakazi. Microsoft ilikamilisha ununuzi wa Activision Blizzard Oktoba 2023 kwa takriban dola bilioni 69. Miezi mitatu baadaye, Januari 2024, wafanyakazi 1,900 wa idara yake ya michezo walipigwa kalamu.

Mei mwaka huo kampuni hiyo ilitangaza kuifunga studio ya Tango Gameworks ya Tokyo. Mwaka mmoja tu kabla, studio hiyo ilikuwa imetoa Hi-Fi Rush, mchezo uliosifiwa sana na kushinda tuzo. Agosti, kampuni ya Krafton ya Korea Kusini ilijitokeza kuichukua.

Julai 2025 Microsoft ilitangaza kupunguza takriban wafanyakazi 9,000 katika idara zake zote. Mchezo wa Perfect Dark, uliokuwa umetangazwa tangu mwaka 2020, ulifutwa kabla haujatoka na studio iliyoushughulikia ikafungwa.

Studio inapovunjwa, hasara si ya mishahara pekee. Watu waliozoeana kwa miaka huwa wanajua nani ana ujuzi gani na kosa lipi lilifanyika safari iliyopita. Wakishatawanyika, mwenye fedha hawezi kuununua ujuzi huo kwa siku moja, kama ambavyo mgeni hawezi kujua kwa siku moja ni kona ipi ya shamba hutuamisha maji.

Shamba dogo

Wakati mashamba makubwa yakiyumba, baadhi ya madogo yamevuna vizuri.

Mfano ulio karibu na mkulima ni Stardew Valley. Mchezaji hurithi shamba la babu yake lililojaa mawe na magugu. Hulisafisha, hupanda mbegu, humwagilia, hufuga kuku na kuuza mazao. Mchezo huo uliundwa na Mmarekani mmoja, Eric Barone, aliyeufanyia kazi peke yake kwa zaidi ya miaka minne huku akipata riziki kwa kuwaonyesha watu viti katika ukumbi wa maonyesho jijini Seattle.

Ulipotoka Februari 2016 uliuzwa dola 15. Kufikia Desemba 2024 ulikuwa umeuza zaidi ya nakala milioni 41.

Mfano mwingine ni Clair Obscur: Expedition 33 wa studio ya Sandfall ya mjini Montpellier, Ufaransa. Kikosi chake kilikuwa na watu wapatao 30, wakiongozwa na Guillaume Broche, aliyewahi kuajiriwa na kampuni kubwa ya Ubisoft. Mchezo ulitoka Aprili 2025, ukauza nakala milioni moja kwa siku tatu, na Desemba ukatwaa tuzo ya mchezo bora wa mwaka katika The Game Awards.

Sandfall haikufanya kila kitu yenyewe. Baadhi ya kazi ilipewa mafundi wa nje, mithili ya vibarua wa msimu. Aidha, ilitumia programu ya Unreal Engine ya kampuni ya Epic badala ya kujiundia yake. Ni kama mkulima anayekodi trekta: mwenye programu hudai asilimia tano, lakini ni pale tu mauzo yanapopita dola milioni moja.

Hata hivyo, udogo si dawa. Mwaka 2024 zaidi ya michezo 18,000 iliingizwa katika duka la mtandaoni la Steam pekee, na mingi haikuonekana na mtu. Tofauti ni kwamba mdogo akianguka, hawaangukii mamia ya watu.

Pesa za mkopo

Septemba 2025 ilitangazwa kwamba Electronic Arts, watengenezaji wa mchezo wa soka unaopendwa vibandani, itanunuliwa kwa dola bilioni 55. Wanunuzi ni mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia na kampuni mbili za Marekani. Kati ya fedha hizo, dola bilioni 20 ni za mkopo.

Anayefanya biashara kwa mkopo hupenda kitu chenye soko la uhakika. Mchezo wa soka hutoka kila mwaka na una wateja wake, hivyo mwenye kibanda hana sababu ya kuhofia kuukosa. Ni mawazo mapya, yasiyo na wateja bado, ambayo hukosa wa kuyadhamini mlipaji riba anapopiga hesabu.

Kwa sasa macho ya sekta nzima yako kwa Grand Theft Auto VI. Novemba 2025 kampuni ya Rockstar iliusogeza kwa mara nyingine, safari hii hadi Novemba 19, 2026. Watu wachache wanadhani utakosa wanunuzi. Lakini ukifaulu, utathibitisha tu kwamba shamba kubwa humlipa mwenye jina kubwa tayari.

Wengine watahitaji kujibu swali ambalo kila mkulima hujiuliza kabla ya kuweka akiba yake yote katika zao moja: msimu ukiharibika, mbegu ya msimu ujao itatoka wapi?