Betri ya Moyo: Itunze Kadi Yake

Leo tunazungumzia kile kifaa ambacho wengi wetu tunakiita betri ya moyo. Swali linaloulizwa sana ni hili: mzee wetu amewekewa kifaa kifuani, na tumesikia kwamba huko ng'ambo watu walishtaki kampuni zinazotengeneza vifaa kama hivyo. Je, tumrudishe hospitali kitolewe?

La, usikimbilie kukitoa. Sikiliza kwanza.

Vifaa hivi ni vya aina mbili. Pesimeka humsaidia mtu ambaye moyo wake unapiga polepole mno, hata anapata kizunguzungu au anazimia. Difibrileta ni ya mtu ambaye moyo wake unaweza ghafla kuanza kutetemeka ovyo bila kusukuma damu. Kifaa kikitambua hivyo, hupiga shoti ili moyo urudi sawa. Vyote viwili huwa na kiboksi kidogo chenye betri, kilichowekwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, na mara nyingi waya moja au zaidi zinazopita ndani ya mshipa hadi moyoni. Betri hudumu miaka mingi, kwa kawaida kati ya 5 na 15, kisha kiboksi hubadilishwa.

Vimeokoa maisha ya watu wengi sana. Lakini ni vitu vya kiwandani, na vya kiwandani huweza kuwa na kasoro.

Mwezi wa Machi 2005, huko Marekani, mwanafunzi wa miaka 21 alifariki baada ya difibrileta yake kupata hitilafu ya umeme wakati alipoihitaji. Ilitengenezwa na kampuni ya Guidant. Baadaye ilijulikana kwamba kampuni iliigundua kasoro hiyo mwaka 2002, ikarekebisha vifaa vipya, lakini haikuwaambia madaktari hadi Mei 2005. Hebu fikiria, mama: miaka mitatu watu wanatembea na kifaa hicho kifuani, na daktari wao hana habari. Kesi zilifuata, na mwaka 2011 mahakama iliiamuru kampuni hiyo kulipa zaidi ya dola milioni 296 kwa kutoipa serikali taarifa kama sheria inavyotaka.

Kisa cha pili kilihusu waya. Oktoba 2007 kampuni ya Medtronic ilisimamisha uuzaji wa waya za difibrileta zilizoitwa Sprint Fidelis, kwa kuwa nyingine zilikuwa zinakatika ndani ya mwili. Waya ikikatika, kifaa kinaweza kumpiga mtu shoti bila sababu, au kikashindwa kumsaidia wakati wa hatari. Waya kama 268,000 zilikuwa zimeshawekwa duniani. Wagonjwa walishtaki, lakini mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua, katika kesi nyingine, kwamba kifaa kilichopitishwa na serikali baada ya ukaguzi mkali kinakingwa dhidi ya madai mengi ya namna hiyo. Kwa hiyo mwaka 2009 kesi nyingi za waya zilitupiliwa mbali. Hata hivyo mwaka 2010 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 268 kuzimaliza, bila kukiri kosa.

Sasa, je, waya zote hizo zilitolewa? Hapana. Waya iliyokaa miaka moyoni hushikana na nyama, na kuing'oa kunaweza kupasua mshipa au moyo wenyewe. Wengi walishauriwa waendelee nazo, kifaa kirekebishwe na wapimwe kwa karibu. Ndiyo maana nasema usikimbilie kukitoa.

Jambo kubwa ni kadi. Kila anayewekewa kifaa hupaswa kupewa kadi yenye jina la kampuni, aina ya kifaa, namba yake na tarehe ya kuwekwa. Kasoro ikitangazwa hutangazwa kwa aina na namba, wala si kwa jina la mgonjwa. Bila namba, utajuaje kama ni cha mzee wako? Kadi nyingi nimeambiwa zimefungiwa sandukuni pamoja na hati ya shamba, na mgonjwa amesafiri bila kitu. Kadi ikae naye. Toa kopi mbili, na namba iandike kwenye kitabu cha kliniki. Kama hamkupewa, rudini mlikotibiwa mkaiombe. Mkibadilisha namba ya simu, hospitali iambiwe.

Nyumbani angalia haya. Kidonda kikivimba, kikiwa chekundu, kikitoa usaha au ngozi ikianza kupasuka juu ya kiboksi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usikande, usipake dawa ya kienyeji. Akizimia, akapata kizunguzungu tena kama zamani, au kwikwi isiyoisha, huenda waya imesogea. Mwenye difibrileta akipigwa shoti moja na akajisikia vizuri, wapigieni wahudumu wake siku hiyo. Shoti mbili au zaidi, au amezimia, ni dharura. Simu asiiweke mfuko wa shati upande wa kifaa. Iwe mbali angalau sentimita 15. Na siku za kupima kifaa asizikose hata akijisikia mzima.

Je, hapa kwetu ukiamini kifaa kilikuwa kibovu? Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kulipwa fidia akiumizwa na bidhaa yenye kasoro. Ripoti ya kifaa kibaya hupelekwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Malalamiko kuhusu daktari huenda kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Kifaa kikitolewa, ombeni kwa maandishi kihifadhiwe, kisitupwe, kwa sababu hicho ndicho ushahidi. Na msikae sana: kesi ya uzembe kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 3, kwa hiyo muoneni wakili mapema, mkiwa na kadi, barua za hospitali na risiti.