Masika Ruhembe: uzi, sindano na jioni za familia



Huko Ulaya, miezi ya Machi hadi Mei ni majira ya machipuo. Theluji inayeyuka, miti inachanua, na watu wanaweka kando masweta waliyoyavaa wakati wa baridi. Kwetu miezi hiyo hiyo ni masika. Mvua inanyesha, mpunga unasimama mabondeni, mahindi yanabeba, na baada yake kinakuja kipupwe, yaani miezi ya Juni na Julai ambayo usiku wake una baridi kuliko miezi mingine. Kwa hiyo sisi masweta tunaanza kuyafuma wakati ambapo wenzetu wanayavua.

Makala hii inahusu ufumaji wa nyumbani katika kata ya Ruhembe, wilaya ya Kilosa, kusini mwa mji mdogo wa Mikumi, kabla hujavuka Mto Ruaha Mkuu kwenda Kidatu. Tutaeleza jinsi ya kupata uzi kwa gharama ndogo, jinsi ya kufuma kofia ya mtoto mchanga, na kwa nini kazi hii ndogo inafaa kufanywa na familia nzima.

Miezi ya mfuko mwepesi

Ruhembe ni nchi ya miwa. Uvunaji huanza mvua zinapokwisha, mnamo mwezi wa sita, na husimama masika inapoanza. Sababu zake zinajulikana na kila mkulima. Magari hayawezi kuingia katika mashamba yaliyojaa tope. Aidha, muwa unaokunywa maji mengi hukua haraka lakini sukari yake hupungua. Basi wakata miwa wa msimu hurudi nyumbani, na mkulima wa nje husubiri msimu mwingine ili apate fedha.

Ndiyo maana masika ni miezi migumu kwa mfuko. Baba yupo nyumbani, lakini hana kibarua. Mama anashinda katika palizi ya mpunga asubuhi, na mchana mvua inamrudisha. Watoto wanakaa barazani wakitazama maji yakitiririka kutoka kwenye bati. Ni rahisi kuziona saa hizo kuwa saa zilizopotea, na katika nyumba nyingi ugomvi huanza hapo hapo, kwa sababu watu wanakaa pamoja bila la kufanya.

Lakini masika yana neema zake. Kuna mchicha na mlenda bila kwenda sokoni. Mahindi mabichi yanachomwa jikoni, na kila mtu anagombea lile lililoiva vizuri. Kuna uji wa moto, na kuna nafasi ya kuzungumza. Uzi na sindano huingia vizuri hapo, kwa sababu mikono inafanya kazi huku masikio na mdomo viko huru.

Ufumaji si mgeni kwetu

Bibi zetu walisuka ukili kwa ajili ya mikeka kabla uzi wa dukani haujafika. Anayesuka ukili tayari anajua siri kubwa ya ufumaji: kuhesabu bila kuangalia, na kuvuta kila safari kwa nguvu ile ile. Vitambaa vya kroshia vya kufunikia viti na meza vinaonekana katika sebule nyingi za Tanzania. Aidha, kazi ya miwa ilileta Kilosa na Kilombero watu kutoka mikoa mingi, wakiwemo wa nyanda za baridi za kusini, ambako sweta ni nguo ya kila siku. Kwa hiyo usishangae ukikuta jirani yako anajua kufuma. Muulize, akufundishe.

Kwa nini kofia ya mtoto?

Wengi hufikiri kwamba baridi ni tatizo la Makete au Lushoto, si la bonde lenye joto kama letu. Kwa mtu mzima ni kweli. Kwa mtoto mchanga si kweli. Mtoto huzaliwa akiwa na majimaji mwilini, na joto humtoka upesi sana yanapokauka. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Selsiasi. Likishuka chini ya hapo, hunyonya kwa shida, huishiwa nguvu, na anaweza kufa. Kichwa chake ni karibu robo ya urefu wa mwili wake, kwa hiyo kichwa kilicho wazi hupoteza joto jingi. Usiku wa mvua, katika nyumba yenye upepo, hatari hiyo ipo hata Ruhembe.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto mchanga akaushwe mara anapozaliwa, awekwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, anyonyeshwe mapema, asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita, na avikwe nguo tabaka moja au mawili zaidi ya mtu mzima, pamoja na kofia.

Kwa mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, jambo kubwa kuliko yote ni huduma ya kangaruu. Mtoto hufungwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi, soksi na kofia. Huduma hii ilianza mjini Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo. Ulihusu watoto waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Kati ya waliosubiri hali yao itulie kwanza ndipo waanzishiwe kangaruu, asilimia 15.7 walifariki katika siku 28 za mwanzo. Kati ya walioanzishiwa mara tu baada ya kuzaliwa, walifariki asilimia 12. Kofia peke yake haiokoi maisha. Ni sehemu ndogo ya kazi kubwa ya kumpa mtoto joto, lakini ni sehemu ambayo familia inaweza kuiandaa kwa mikono yake kabla mtoto hajazaliwa.

Kupata uzi bila gharama kubwa

Uzi mpya ni mzuri lakini una bei. Njia nafuu ni kununua sweta la mtumba, kulifumua na kulifuma upya.

1. Chagua sweta laini, lisilowasha shingoni. Geuza ndani nje na utazame mishono ya ubavuni. Kama vipande vimeunganishwa kwa uzi tu, na kingo zake ni nzima, nunua. Kama kingo zimekatwa kwa mkasi na kushonwa ovaloki, liache, kwa maana uzi utatoka vipande vipande.
2. Nyumbani, kata mishono ya ubavuni na ya mabegani kwa uangalifu. Kisha tafuta mwisho wa uzi, kwa kawaida upande wa juu, na uvute polepole.
3. Mmoja avute, mwingine azungushe uzi kwenye miguu ya kiti kilichogeuzwa, au kwenye mikono miwili ya mtoto aliyeinyoosha mbele. Watoto wanaipenda sana kazi hii.
4. Funga shada la uzi mahali panne lisivurugike. Lifue kwa sabuni, lisuuze, na ulianike likiwa na kitu chepesi kinachovuta chini. Uzi utanyooka.
5. Ukikauka, uzungushe kuwa donge.

Sindano za kufumia zinaweza kutengenezwa kwa mwanzi. Chonga vijiti viwili vya urefu wa sentimita 30, unene wa milimita 4 hivi, yaani kama nusu ya unene wa penseli. Visugue kwa msasa hadi uzi usikwame popote. Hii ni kazi nzuri kwa baba au kijana wa kiume. Wapo wanaotumia spoki za baiskeli. Zinafaa, lakini ni nyembamba, hivyo vitanzi vinavyohitajika ni vingi zaidi. Saga ncha zake kwenye jiwe hadi ziwe laini, zisichome.

Kofia hatua kwa hatua

Kuanza vitanzi. Funga fundo legevu na ulitie kwenye sindano. Zungusha uzi kwenye dole gumba, ingiza ncha ya sindano katika duara hilo, toa dole, kaza kidogo. Hicho ni kitanzi cha pili. Endelea hivyo.

Kufuma. Shika sindano yenye vitanzi kwa mkono wa kushoto. Ingiza sindano ya kulia katika kitanzi cha kwanza, kutoka mbele kwenda nyuma. Zungusha uzi kwenye ncha yake. Uvute uzi huo upite ndani ya kitanzi kuja mbele. Acha kitanzi cha zamani kidondoke. Ukimaliza mstari, badilisha mikono na uanze tena. Kofia hii inatumia mshono huo mmoja tu.

Kupima. Usiruke hatua hii. Anza vitanzi 20, fuma mistari kumi, kisha pima upana. Tuseme umepata sentimita 8. Gawanya 20 kwa 8, utapata vitanzi 2.5 kwa kila sentimita. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi kina mzunguko wa sentimita 35 hivi, na kofia hunyumbuka, kwa hiyo ifanye ya sentimita 32. Zidisha 32 kwa 2.5, utapata vitanzi 80. Uzi wako ukiwa mnene au mwembamba, hesabu itabadilika, lakini njia ni ile ile. Kijana wa darasa la sita anaweza kukufanyia hesabu hii, na ataona hesabu za shuleni zina kazi nyumbani.

Kumaliza. Fuma vitanzi 80 hadi kufikia urefu wa sentimita 15. Kisha fuma vitanzi viwili viwili kwa pamoja mstari mzima, vibaki 40. Fuma mstari mmoja wa kawaida. Rudia viwili viwili, vibaki 20. Kata uzi ukiacha sentimita 50, upitishe katika vitanzi vyote kwa sindano ya kushonea magunia, vuta hadi tundu lizibe, na ushone ubavu. Kunja ukingo wa chini sentimita 3.

Tahadhari. Usiweke vifungo, shanga wala kamba za kufunga shingoni. Fua kofia kabla ya kumvisha mtoto. Mchana wa jua kali, gusa kifua chake. Akiwa wa moto sana au anatoka jasho, mpunguzie nguo na umvue kofia. Joto kupita kiasi nalo ni hatari. Akiwa wa baridi kifuani hata baada ya kufunikwa, au akikataa kunyonya, mpeleke kituo cha afya bila kusubiri asubuhi. Mbebe njiani ngozi kwa ngozi.

Kila mtu na kazi yake

Fikiria nyumba moja wakati wa masika, saa kumi jioni, mvua haijakatika. Mama mjamzito anafuma. Mdogo amenyoosha mikono yenye uzi na analalamika kwamba imechoka. Baba anasugua kijiti cha mwanzi. Bibi, ambaye macho yake hayaoni tena kitanzi, anasema, "Kitendawili!" na wote wanajibu, "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." "Yai!" Kitendawili hicho wanakijua tangu mwaka jana, lakini wanacheka. Mahindi yananukia jikoni.

Hakuna fedha iliyoingia jioni hiyo. Lakini mtoto ajaye amekwisha kusubiriwa na watu wanne, na kila mmoja wao ameweka mkono wake katika kofia yake. Dada wa miaka tisa akimwona mdogo wake ameivaa, atasema, "Uzi ule niliushika mimi." Baba aliyechonga sindano ataona pia kwamba maandalizi ya uzazi si mambo ya wanawake peke yao.

Wasomaji wa Biblia watamkumbuka Dorkasi wa Yafa, aliyewashonea wajane nguo. Alipofariki, wajane walionyesha nguo hizo huku wakilia. Kazi ya mikono hukumbukwa.

Vikundi vinavyotaka kutoa kofia kwa zahanati viwaulize kwanza wauguzi ni ukubwa gani unahitajika na kofia zifuliwe vipi. Haba na haba hujaza kibaba. Kofia moja kwa wiki, kwa watu kumi, ni kofia mia moja na ishirini kwa majuma kumi na mawili ya masika.

Maswali ya kujadili katika kikundi

• Katika kijiji chenu, familia hufanya nini mvua inaponyesha mchana kutwa?
• Nani kati yetu anajua kufuma, kusuka ukili au kroshia? Anaweza kumfundisha nani?
• Mtoto mchanga hutunziwaje joto katika nyumba zetu? Ni desturi gani zinasaidia, na zipi zinaleta madhara, kama vile kumwogesha mara anapozaliwa?
• Akina baba wanaweza kushiriki vipi katika maandalizi ya uzazi?

Tunawatakia masika yenye mavuno na amani nyumbani.