Sekunde moja baada ya swali

Mwalimu anauliza. Jibu lisipokuja, anarudia swali, analigeuza au anamtaja mtoto mwingine. Kwa wastani hungoja sekunde moja tu. Nambari hiyo imenikaa kichwani tangu nilipoisoma.

Aliyeipima ni Mary Budd Rowe, mwalimu wa sayansi wa Marekani, aliyetoa matokeo yake mwaka 1974 baada ya utafiti wa miaka sita. Alichambua zaidi ya kanda 300 za masomo ya shule za msingi. Aligundua pia kwamba mtoto akishajibu, mwalimu hudakia ndani ya sekunde 0.9, wakati pengine mtoto alikuwa anavuta pumzi aendelee. Rowe akawazoeza walimu kungoja sekunde tatu hadi tano, akarekodi tena. Majibu yakarefuka. Waliokuwa wakinyamaza wakapungua, watoto wakaanza kuuliza wao wenyewe, na walioonekana wazito wakachangia zaidi.

Ilete sekunde hiyo Kindu, mashariki mwa Kongo. Mtoto aliyeanza shule kwa Kiswahili sasa anaulizwa kwa Kifaransa kwa nini mto Lualaba hujaa. Inabidi alielewe swali, awaze kwa Kiswahili, kisha jibu alirudishe kwenye Kifaransa, kama mtu anayevuka mto kwa mtumbwi kwenda na kurudi. Sekunde moja haimtoshi hata kushika kasia. Tunasema hajui, na huenda alikuwa bado njiani.

Simlaumu mwalimu. Tangu elimu ya msingi ya serikali ifanywe bure mwaka 2019, madarasa yamefurika, na walimu wengi bado wanangoja kuingizwa kwenye orodha ya mishahara. Haraka yake ina sababu. Ila akiwa mbele ya darasa hawezi kuisikia. Ataisikia jioni, ikiwa simu yake ilikuwa mfukoni ikirekodi somo.

Hapo ndipo maswali yanapoanza. Rekodi hiyo ni mali ya nani? Direkta wa shule akiitaka, je? Na darasa lililojaa hadi mlangoni litatulia sekunde tatu?

Mwalimu wa Kindu, rekodi dakika kumi za somo lako, uzisikilize na mwenzako unayemwamini, mhesabu sekunde pamoja. Nanyi mainspekta, rekodi hizo ziacheni mikononi mwa walimu. Siku zitakapogeuzwa ushahidi wa kumwadhibu mtu, hakuna atakayerekodi tena.