Kuba na Matao: Kutoka Kilwa Kisiwani hadi Mkunazini

Mtahiniwa wa Chang'ombe, Dodoma, anaweza kuanza mada hii kwenye tembe la Kigogo. Paa lake la udongo hulala juu ya miti, hivyo nafasi kati ya nguzo na nguzo haiwezi kuzidi urefu wa miti iliyopatikana. Nyumba za mawe za pwani zilikuwa na tatizo hilohilo. Boriti za mikoko zilifanya vyumba viwe vyembamba, kwa kawaida mita 2.5 hadi 3. Je, fundi aliyetaka nafasi pana zaidi alifanyaje?

Kanuni ya tao

Jiwe huhimili sana likigandamizwa, lakini huvunjika upesi likivutwa. Jiwe refu likilazwa juu ya uwazi mpana, upande wake wa chini huvutika na kupasuka. Kwa hiyo fundi hupanga mawe madogo kwa kuyapinda, kila moja likimwegemea mwenzake. Hilo ni tao.

1. Tao likirefushwa kama handaki, tunapata paa la pipa.
2. Tao likizungushwa pande zote, tunapata kuba.

Zingatia: tao husukuma kuta kwenda nje. Kuta zikiwa dhaifu, paa huanguka. Ndiyo maana makanisa ya mtindo wa Kiromaneski, yaliyojengwa Ulaya Magharibi hasa katika karne ya 11 na 12, yana kuta nene na madirisha madogo. Wakati wa ujenzi, mbao hushikilia mawe kwa chini mpaka chokaa ishike.

Mifano ya Tanzania

(a) Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Ulijengwa kwa awamu kati ya karne ya 11 na ya 15, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Sehemu yake iliyopanuliwa iliezekwa kwa kuba na mapaa ya pipa yaliyopangwa bega kwa bega. Paa moja likisukuma, jirani yake husukuma upande wa pili, na nguvu hizo hupunguzana. Baadhi ya mapaa hayo yalipambwa kwa bakuli za kaure kutoka China. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia.

(b) Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini, Zanzibar. Ujenzi ulianza mwaka 1873, mwaka ambao soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa. Ulisimamiwa na Askofu Edward Steere. Paa lake ni la pipa, la zege la matumbawe na saruji, bila boriti.

Kosa la kuepuka

Wengi huandika, "Kilwa ilikuwa na majengo mazuri," kisha wanahamia hoja nyingine. Hiyo haitoshi, kwa sababu uzuri si hoja ya kihistoria. Eleza jengo linathibitisha nini.

Swali la mazoezi

Kwa kutumia Msikiti Mkuu wa Kilwa, eleza hali ya mji huo kabla ya ujio wa Wareno.

Mwongozo wa jibu

- Ufundi: kuba hazisimami kwa kubahatisha. Kilwa ilikuwa na mafundi waliojua kukata matumbawe, kuchoma chokaa na kupima uzito wa paa.
- Utajiri: kazi ya miaka mingi ilihitaji kulipiwa. Kilwa ilinufaika na biashara ya dhahabu iliyopitia Sofala.
- Mawasiliano: kaure ya China inaonyesha kuwa mji ulishiriki biashara ya Bahari ya Hindi.
- Dini: ukubwa wa msikiti unaonyesha nafasi ya Uislamu katika maisha ya mji.

Kila hoja imeanza na kitu kinachoonekana kwenye jengo, kisha ikatoa maana yake. Fuata mpangilio huo katika chumba cha mtihani.