Usanifu wa Mashirika, Data na Hatari: Suala la Maana

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika shirika la kisasa, liwe benki, wizara au chuo kikuu, tatizo mara nyingi si ukosefu wa daftari, bali ni wingi wa madaftari yasiyopatana. Makala haya yanakusudia kueleza dhana tatu zinazohusiana na tatizo hilo, yaani usanifu wa shirika, usimamizi wa data na hatari, na kuonyesha kwamba chini ya zote tatu limo suala ambalo mwanaisimu analifahamu vyema: suala la maana.

Usanifu wa shirika ni ramani ionyeshayo kazi za shirika, watu wazifanyao, data wazihitajizo na programu zinazozishughulikia data hizo. Mwaka 1987 John Zachman, aliyekuwa mfanyakazi wa IBM, alichapisha makala yaliyolinganisha kazi hii na ujenzi wa nyumba. Mwenye nyumba, msanifu na mjenzi huitazama nyumba ile ile kwa michoro tofauti. Hakuna mchoro ulio wa uongo, lakini ni lazima yote ikubaliane, la sivyo ukuta utasimama pale palipotarajiwa mlango.

Makubaliano hayo huanzia katika maneno. Chukua neno “mteja”. Kwa idara ya mauzo, mteja ni yeyote aliyeulizia bei. Kwa idara ya fedha, ni yule aliyelipa. Kwa idara ya sheria, ni yule aliyetia sahihi mkataba. Mkurugenzi akiuliza shirika lina wateja wangapi, atapewa majibu matatu, na kila moja litakuwa sahihi kwa wenyewe. Kila idara, kwa hakika, ina lahaja yake. Usimamizi wa data ni kazi ya kuzipatanisha lahaja hizo: kuandika kamusi ya data, kumtaja mwenye dhamana juu ya kila kumbukumbu, na kuamua ni nani aione na itunzwe kwa muda gani. Si ajabu basi kwamba neno “usanifu” lina shina moja na “Kiswahili sanifu”. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Afrika Mashariki haikuziondoa lahaja vinywani mwa watu. Iliweka umbo moja la kuandikiana. Shirika nalo halina haja ya kuzifuta lahaja za idara zake. Linalohitaji ni umbo moja linalotumika pale data zinapovuka mpaka wa idara.

Hatari kubwa hukaa katika mpaka huo. Tarehe 23 Septemba 1999, chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mirihi. Programu iliyotengenezwa na kampuni ya Lockheed Martin ilitoa hesabu za msukumo wa injini ndogo za chombo kwa vipimo vya Kiingereza, ilhali waongozaji wa NASA walizisoma kama vipimo vya metriki. Kila namba ilikuwa sahihi katika lahaja yake, lakini tofauti ilikuwa ya zaidi ya mara nne. Chombo kilichokusudiwa kupita kiasi cha kilomita 226 juu ya sayari kilishuka hadi takriban kilomita 57. Jambo la kuzingatia ni kwamba hati ya makubaliano ilikuwapo, nayo iliagiza metriki. Kilichokosekana ni mtu wa kuhakikisha kwamba ilifuatwa.

Kwa istilahi ya wasimamizi, hatari si janga lenyewe, bali ni uwezekano wa kutokea kwake ukipimwa pamoja na ukubwa wa madhara. Swali ambalo mara nyingi husahauliwa ni hili: madhara kwa nani? Kenya imelikabili swali hilo mahakamani. Mwaka 2019 mamilioni ya watu waliandikishwa katika mpango wa Huduma Namba, uliokusudia kuunganisha kumbukumbu zilizotawanyika katika idara mbalimbali za serikali. Mwezi wa Januari 2020 Mahakama Kuu iliruhusu mpango uendelee kwa sharti la kuwapo kanuni madhubuti, ikakataza kukusanywa kwa data za DNA, na ikatambua kwamba wasio na hati za utambulisho wangeweza kuachwa nje. Mwezi wa Oktoba 2021 Mahakama hiyo ilibatilisha utoaji wa kadi, kwa sababu tathmini ya athari iliyotakiwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haikuwa imefanywa. Kwa serikali, daftari moja lilipunguza hatari ya udanganyifu na urudufu. Kwa raia asiye na cheti cha kuzaliwa, daftari hilo hilo lingeweza kuwa mlango uliofungwa.

Ni dhahiri, basi, kwamba kazi hii haiwezi kuachiwa mafundi wa kompyuta peke yao. Anayeamua maana ya “mteja”, “mkazi” au “raia” katika daftari anaamua pia nani atahudumiwa na nani atarudishwa. Wataalamu wa lugha, waliozoea kupima maana za maneno na kuunda istilahi, wana nafasi yao katika kazi hiyo, na inafaa waidai kabla daftari halijafungwa.